Vueni Saa, Lakini Mziweke Wapi?

KILA jioni, kengele ya michezo inapolia katika shule zetu za upili, kuna amri inayotangulia filimbi: "Vueni saa!" Mimi mwenyewe nimeitoa amri hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kujiuliza maana yake. Niliirithi kwa mwalimu aliyenifunza michezo, naye bila shaka aliirithi kwa wake. Nimeona leo niizungumzie kwa kuwa mwaka 2006 ilinifanya nimdhulumu mtoto wa watu, na kwa kuwa nikipita kando ya viwanja vya shule nyingine naisikia ingali ikitolewa vilevile, pasi na neno la pili.

Alikuwa kijana wa Kidato cha Pili, mkimbiaji mwenye pumzi nyingi na maneno machache. Mkononi alivaa saa ya chuma aina ya Seiko 5, kubwa kuliko mkono wake, hata ikawa inamcheza kama bangili. Jioni hiyo tulikuwa na mazoezi ya mbio za nyika. Nilipotoa amri yangu, wenzake watatu wanne wakavua. Yeye akasita. Akanijia karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii siwezi kuivua." Nikamjibu kwa ile sauti ambayo sisi walimu wa michezo tunaijua, kwamba katika uwanja wangu neno "siwezi" halitamkwi. Akaivua. Akaiviringisha ndani ya soksi, akaisukuma hadi mwisho wa kiatu chake cha ngozi, akakiacha kiatu chini ya ua pamoja na nguo za wenzake. Tukakimbia kilomita nane. Tuliporejea, kiatu kilikuwapo, soksi ilikuwapo, saa haikuwapo.

Tulipekua mabweni na madawati. Naibu wa mwalimu mkuu alihutubia gwaride kwa ukali. Hatukuipata, na hadi leo haijapatikana.

Jumamosi iliyofuata mama yake alikuja shuleni. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa, na pengine ningelistahili, lakini yule mama hakuja kwa ugomvi. Aliketi afisini, akaniambia kwa utulivu kwamba saa ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Walipotoka kumzika, saa ilikaa mezani siku mbili tatu bila ya mtu kuigusa, ikasimama. Mtoto akaichukua, akaivaa, akatikisa mkono kidogo, nayo ikaondoka tena. Tangu siku hiyo hakuivua hata usingizini. "Mwalimu," akasema, "huyu alidhani akiivua itakufa mara ya pili."

Wanaozijua saa za aina hiyo watafahamu mara moja kilichotokea pale mezani. Seiko 5, ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1963 na ikaenea sana mikononi mwa wafanyakazi wa huku kwetu, haina betri. Ndani yake mna kipande kizito cha chuma, mfano wa nusu mwezi, kinachozunguka kila mkono unapocheza. Mzunguko huo ndio unaoikaza kamani. Mkono ukitulia, saa huendelea kwa akiba iliyo nayo, na baada ya siku moja u nusu hivi, au kupita kidogo, husimama. Haifi. Hulala tu, ikingoja mtu aivae. Kijana alikuwa amekosea kidogo sana. Saa ya baba yake iliishi kwa mwendo wa mkono wake, na siku niliyomlazimisha kuivua ndiyo siku ambayo ingeshiba kuliko siku nyingine zote za juma.

Jambo hilo lilinisumbua. Nilijiuliza: je, hata kama saa ile isingeibwa, amri yangu ilikuwa na maana yoyote? Nikaenda Nakuru kwa mzee mmoja fundi wa saa, aliyekuwa na meza yake kibarazani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nikamweleza kisa kizima. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Walikuwa wanacheza mchezo gani, Mwalimu?" Nikamwambia walikuwa wanakimbia. Akakitoa kioo jichoni, akanitazama. "Saa ya namna hiyo haiogopi mwendo," akasema. "Inaogopa pigo."

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi, nikasoma, nikauliza, na sasa naweza kuyaeleza kwa namna itakayomfaa mwalimu aliye uwanjani.

Saa ya kamani, iwe ni ya kutiwa ufunguo kwa vidole au ya kujijaza yenyewe, ina moyo. Moyo huo ni gurudumu dogo lisilo na meno, liitwalo gurudumu la mizani, ambalo huyumba huku na huko pasi kukoma, likirudishwa kila mara na kamani nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za zamani lilidunda mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara tano kila sekunde. Katika Seiko 5 nyingi ni mara 21,600, na katika saa nyingi za kamani zinazotengenezwa siku hizi ni 28,800. Chukua hiyo ya kati: ni midundo 518,400 kwa siku moja. Saa ikichelewa sekunde kumi kwa siku, watu huilaumu. Lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa hiyo imekosa sehemu moja tu katika 8,640. Sijapata kumfunza mwanafunzi aliyejibu maswali 8,640 akakosa moja.

Mhimili wa gurudumu hilo una ncha mbili, na hapo ndipo penye udhaifu wote wa saa. Kila ncha ni nyembamba mno, unene wake ukikaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, ili msuguano uwe mdogo. Ncha hizo hukaa ndani ya vitundu vya yakuti bandia, zile ambazo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuzitengeneza mwaka 1902, na ambazo hufanya saa iandikwe kwamba ina vito 17 au 21. Sasa fikiria gurudumu lenye uzito wake limesimama juu ya ncha nyembamba hivyo, kisha mkono uliolibeba unasimamishwa ghafla. Uzito wote wa gurudumu huishukia ncha.

Hii ndiyo tofauti ya mwendo na pigo. Mkimbiaji anayepiga hatua 180 kwa dakika huipeleka mikono yake mbele na nyuma mara 90 katika dakika hiyo. Ni mtikiso laini, unaokwenda na kurudi kwa mkunjo, na nguvu inayoifikia saa ni mara chache tu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Huenda saa ikaharakisha au ikachelewa kidogo wakati wa mbio, haivunjiki. Lakini mkono ukigonga kitu kigumu, mwendo wote hukatwa katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde, na hapo nguvu hupanda hadi mamia, hata maelfu ya mara. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaeleza wanafunzi jambo hili ubaoni: kitu kilichoanguka kutoka urefu wa mita moja hufika chini kikiwa na kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, na swali si kasi hiyo. Swali ni muda gani kinatumia kusimama.

Hicho kipimo cha mita moja sikukibuni. Ndicho kinachotumiwa katika kanuni za kimataifa za viwango kupima saa inayodai kuvumilia mapigo. Saa hupigwa na nyundo ya kilo tatu iliyoning'inizwa, kwa kasi hiyo hiyo ya mita 4.43 kwa sekunde, sawa na kuangushwa juu ya sakafu ya mbao ngumu. Ikiendelea kwenda, na mwendo wake usipobadilika kwa zaidi ya sekunde 60 kwa siku, imefaulu. Naomba wanafunzi wayaangalie maneno hayo. Saa iliyoandikwa mgongoni kwamba inastahimili mapigo haikuahidiwa kuwa haitadhurika na lolote; imeahidiwa kumudu anguko la mita moja. Mtu anayepiga msumari kwa nyundo, au anayekita jembe katika udongo uliokauka wa mwezi wa Februari, huipa saa yake mapigo madogo mfululizo, mamia kwa mamia, na hakuna aliyeipima kwa hayo.

Kinga yenyewe ni ya busara sana. Tangu miaka ya 1930, kwa ufundi uitwao Incabloc uliotoka Uswisi mwaka 1934, na mwingine uliofanana nao baadaye, vito vinavyoshika ncha za mhimili havikazwi tena moja kwa moja katika chuma. Hushikwa na springi ndogo yenye umbo la kinubi. Pigo linapokuja, kito hujongea pamoja na ncha, hadi sehemu nene ya mhimili inapogusa ukuta na kuupokea mshindo. Kisha springi hukirudisha kito mahali pake. Saa ya baba yake yule kijana ilikuwa na kinga ya namna hiyo. Saa ya babu yako iliyotengenezwa kabla ya hapo pengine haina, na hiyo usiivae hata ukienda kuteka maji.

Kwa hiyo basi, mchezo gani na mchezo gani? Kukimbia, kutembea milimani na kuendesha baiskeli katika njia nzuri si hatari kwa saa nzima yenye kinga. Wanafunzi wangu waliwahi kuniuliza kama mtu anayekimbia marathoni na saa ya kujijaza hawezi kuijaza kupita kiasi hadi kamani ikakatika. Hawezi. Kamani ya saa hizo, ikishajaa, huteleza ndani ya kikopo chake na kuacha ziada ipite. Ushahidi mwingine tunao kila Jumamosi: mwamuzi wa kandanda. Yeye peke yake ndiye anayevaa saa uwanjani, pengine mbili, na mwamuzi wa mechi kubwa hukimbia zaidi ya kilomita kumi kabla ya filimbi ya mwisho. Waamuzi wa zamani walifanya hivyo kwa saa za kamani, na mechi zilimalizika kwa wakati. Tena kuna Paavo Nurmi wa Finland, aliyekimbia akiwa ameishika saa ya kupimia mbio kiganjani, akiitazama kila mzunguko. Huyo ndiye aliyeshinda mita 1,500 na mita 5,000 siku moja, tarehe 10 Julai 1924, katika Olimpiki za Paris.

Voliboli ni kinyume kabisa. Mchezaji anayepokea mpira huibana mikono yake miwili na kuupokea mpira karibu na vifundo, pale pale saa inapokaa. Mpira wa vikapu, mpira wa mikono, ndondi, kriketi kwa anayeshika gongo: kote huko saa haina lake. Na mpaka sasa nimezungumzia saa tu, nikasahau uso wa mwenzako. Sheria ya nne ya kandanda inakataza mapambo yote mwilini mwa mchezaji, wala hairuhusu kuyafunika kwa plasta. Ukingo wa saa ya chuma unaweza kupasua nyusi. Katika michezo ya kugusana, basi, amri ya "vueni saa" ni ya haki, na sababu yake ya kwanza si saa.

Najua msomaji kijana atanitolea mfano wa Rafael Nadal. Ni kweli. Kuanzia mwaka 2010 hadi alipostaafu mwaka 2024, Nadal alicheza tenisi akiwa amevaa saa ya kamani ya Richard Mille. Lakini tuutazame mfano huo kwa karibu. Nadal hupiga kwa mkono wa kushoto, na saa aliivaa mkono wa kulia, ingawa mkono huo nao huushika mpini anapopiga kwa mikono miwili. Ile saa ya mwaka 2010 ilikuwa na uzito usiofika gramu 20 pamoja na ukanda wake, kwa kuwa kitu chepesi hupokea nguvu ndogo pigo linapokuja. Ya mwaka 2020 ilining'inizwa ndani ya kasha lake kwa wavu wa waya wa chuma, kama nyuzi za raketi, na watengenezaji wake walisema inamudu nguvu mara 12,000 ya mvutano wa dunia. Zilitengenezwa 50 tu, kila moja kwa bei ipitayo dola milioni moja za Marekani. Yohan Blake wa Jamaika naye alikimbia na saa ya kampuni hiyo katika Olimpiki za London mwaka 2012. Hayo ni matangazo ya biashara, tena ya ufundi mkubwa, lakini hayatuambii lolote kuhusu saa iliyonunuliwa kwa mshahara wa karani.

Matangazo ya namna hii si mapya. Mwaka 1927 Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia katika maji baridi ya mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex, nayo ikatoka ikiwa inakwenda sawasawa. Tangazo lake likachapishwa ukurasa wa mbele wa gazeti. Wengi waliolisoma walidhani aliipiga maji kwa mkono uliovaa saa. Alikuwa ameitungika shingoni. Mimi huwaheshimu zaidi wale waliokiri udhaifu. Maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India walilalamika kwamba vioo vya saa zao vilikuwa vikipasuka katika mchezo wa polo. Mwaka 1931 wakatengenezewa saa iitwayo Reverso, ambayo kasha lake hugeuzwa, kioo kikaelekea mkononi na mgongo wa chuma ukabaki nje. Hakuna aliyejaribu kukifanya kioo kishindane na gongo. Walikificha tu.

Kuhusu jasho nitasema machache. Lina chumvi, nayo hukausha mpira unaozuia maji, huozesha ukanda wa ngozi na hula chuma polepole. Aliyekimbia na saa na aipanguse kwa kitambaa kibichi cha maji matamu, kisha aikaushe. Wala asiingie nayo katika maji ya moto kwa sababu mgongoni imeandikwa mita 30. Maandishi hayo ni kipimo cha maji yaliyotulia juu ya saa mpya, na saa ya urithi si mpya.

Sasa nirudi kwa walimu wenzangu, maana ndio niliowakusudia. Shule nyingi zina kanuni inayosema kwamba mali ya thamani huletwa kwa hiari na hasara ya mwenyewe. Nami niliwahi kujikinga kwa kanuni hiyo, mbele ya mama yule, nikaona haya kabla sijamaliza sentensi. Kanuni hiyo inaweza kumfunga mwanafunzi aliyeisahau saa yake bafuni. Haiwezi kumfunga aliyeivua kwa sababu mimi nimemwamuru. Aliyeamuru kitu kivuliwe ameshakipokea mkononi mwake, hata kama hakukigusa. Kuanzia hapo dhamana ni yake mpaka akirudishe.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga saa hizo marufuku zisiletwe shuleni. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzuri ninayemheshimu, aliniambia hivyo wiki ile ile. Sikubaliani naye. Katika shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na saa za ukutani madarasani, kama zipo, aghalabu zimesimama tangu betri zake zilipoisha. Kisha tunamtaka mtoto huyo huyo ajifunze kugawa dakika zake katika chumba cha mtihani. Tukimnyang'anya saa ya mkono, atajifunzia wapi?

Mimi nilifanya jambo dogo. Nilimwomba seremala wa shule anitengenezee sanduku la mbao lenye kufuli, vyumba vidogo vidogo ndani, vilivyotandikwa vipande vya blanketi kuukuu. Nikanunua daftari. Kabla ya voliboli au kandanda, kila saa huandikwa jina la mwenyewe na chumba chake, sanduku likafungwa, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwangu pamoja na filimbi. Siku za mbio za nyika sanduku halitoki. Anayetaka kuvaa saa huvaa, na asiyetaka huniletea. Gharama yote haikufika bei ya mpira mmoja mpya.

Tena kuna kazi ya dakika moja niliyojiongezea: mwanafunzi akisema hawezi kuvua kitu, humwita kando, nikamuuliza kwa nini.

Yule kijana aliendelea kunikimbilia hadi Kidato cha Nne, akatuwakilisha wilayani. Kwa miezi kadhaa ulibaki katika mkono wake wa kushoto ule mkanda wa ngozi nyeupe kidogo mahali ilipokuwa saa, kisha jua likaufuta. Nilijaribu kumnunulia nyingine. Alinishukuru kwa adabu zote, akaikataa. Mwaka 2008, siku aliyomaliza karatasi yake ya mwisho, alipita afisini kuniaga, sanduku lake la bati likiwa kichwani. Basi la kwao lilikuwa linaondoka saa nane. Aliniuliza saa ngapi, nami nikamtazamia.